Shajara ya mradi: kuitambua likeni ya Mti wa Nne

Naandika kwa ajili ya mtu atakayesimama mbele ya shina lililolowa, lenzi mkononi, asijue aanzie wapi. Mimi nilisimama hapo Februari. Jina la msitu wala la kijito sitalitaja. Likeni adimu ikishatangaziwa mahali pake, watu huja kuibandua, na hii hukua milimita chache tu kwa mwaka. Mengine yote nayaweka wazi, hasa niliyoyakosea.

Kwa asiyeijua: likeni si mmea. Ni kuvu inayoishi pamoja na mwani wa kijani au sianobakteria, na mara nyingine vyote viwili. Kuvu hujenga nyumba, mwenzake hutengeneza chakula kwa mwanga. Mswisi Simon Schwendener alilisema hilo mwaka 1867, na wengi wa wakati wake wakamkatalia.

6 Februari: Tumeiona

Tumepita miti 40 kando ya kijito na kuipa kila mmoja namba. Likeni ziitwazo Usnea zimejaa kote, zinaning'inia matawini kama ndevu. Kwenye Mti wa Nne, upande unaotazama maji, kimo cha kifua, kulikuwa na kitu ambacho hakikufanana na chochote tulichokwisha kukiona siku hiyo: jani pana la kijani kibichi, ukubwa wa kiganja, lenye masikio ya duara yaliyojikunja kidogo kingoni kama karatasi iliyoloana. Kwenye miti mingine 39 hatukuiona.

Nilipiga picha 31, zote za upande wa juu. Usiku nikalinganisha na picha za vitabuni nikaandika daftarini "Lobaria", jina la kundi moja la likeni, tena kwa kalamu ya wino. Nilivutwa na sifa ya Lobaria pulmonaria, ambayo kwingi hutumika kama alama ya misitu mikongwe. Laiti ningetulia, ningeona kwamba Lobaria pulmonaria ina matuta na mabonde kama wavu juu ya jani lake, na hii yetu ni laini kabisa. Nilichokiita wavu kilikuwa mikunjo tu ya sikio lililoanza kukauka.

Gharama: saa 7, na jina la uongo lililokaa daftarini wiki nzima.

13 Februari: Upande wa chini

Mtu anayezijua likeni kuliko mimi aliziangalia picha zangu akanijibu kwa maneno matatu: "Chini yake vipi?" Nimerudi.

Nilinyanyua sikio moja kwa ncha ya kibano, taratibu, maana likiwa kavu hukatika. Chini kuna manyoya mafupi ya rangi ya kahawia, kama kitambaa cha sufu. Katikati ya manyoya kuna vishimo vyeupe vya mviringo, kila kimoja na ukingo wake ulioinuka, kama vile mtu amevitoboa kwa sindano akavipaka chokaa. Hivyo ndivyo vinavyoitwa sifela, vitundu ambavyo likeni hupitishia hewa hata mwili wake ukiwa umelowa. Niliviangalia kwa lenzi ya mara 10 hadi macho yakatoa machozi. Lobaria haina sifela. Sticta, kundi jingine la likeni, inazo.

Kwa atakayefuata njia hii, likeni kubwa za majani katika misitu ya unyevu hutenganishwa kwanza kwa kuzipindua. Vishimo vyenye ukingo ni Sticta. Vitundu visivyo na ukingo, kama ngozi iliyochanika, ni Pseudocyphellaria na jamaa zake. Mishipa iliyoinuka chini ya jani ni Peltigera. Visahani vya uzazi vikiwa nyuma ya ncha za masikio, ni Nephroma. Jambo hili linachukua dakika moja. Mimi lilinichukua siku saba.

Jina jipya daftarini, kwa penseli: Sticta.

2 Machi: Sampuli nne zimeoza

Kwa kibali tulichonacho tumechukua sampuli tisa, kila moja isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Mvua ilikuwa inanyesha na bahasha zilikuwa zinalowa, nikaona nizifiche kwenye mifuko ya plastiki. Nilizifungua baada ya siku tatu. Nne zilikuwa zimefunikwa na kuvu nyeupe ya uozo, telezi, haziwezi kusaidia lolote.

Hili limeniuma. Kipande cha ukubwa ule huenda kilichukua miaka kufika pale, nami nimekiua kwa mfuko. Sasa tunafanya hivi: kila sampuli inaingia kwenye bahasha ya karatasi papo hapo, bahasha zinakaa ndani ya boksi la plastiki lisilofungwa kabisa, na jioni hiyohiyo zinatandazwa mahali penye hewa, mbali na jua na moto. Bahasha huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hutoweka. Na hatuchukui tena chochote kwenye mti wenye likeni moja tu.

9 Machi: Kemikali, na chupa iliyokufa

Vipimo vya rangi ni vya zamani. William Nylander alivitangaza mwaka 1866: tone la hidroksidi ya potasiamu (K) na tone la maji ya klorini (C) juu ya likeni, kisha unatazama rangi. Mwaka 1934 Yasuhiko Asahina aliongeza kemikali ya tatu. Hiyo ya tatu sikuigusa, kwa sababu ni sumu, na sina mahali penye hewa ya kutosha wala glavu za kuaminika.

K: hakuna rangi. C: hakuna rangi. Nikaandika matokeo na kufunga daftari. Baadaye wasiwasi ukanirudia, nikatia tone la C juu ya kipande cha Parmotrema tinctorum, likeni ya kawaida ambayo nyama yake nyeupe lazima iwe nyekundu ikiguswa na C. Haikubadilika. Chupa yangu ya klorini ilikuwa imefunguliwa miezi mingi iliyopita na nguvu zilikwisha. Kipimo changu kilikuwa maji matupu.

Nimepata klorini mpya. Parmotrema ikawa nyekundu kama damu ndani ya sekunde mbili, na Sticta yetu ikabaki vilevile. Jibu halikubadilika, lakini sasa ni jibu. Hata hivyo halitusogezi sana, kwa kuwa Sticta nyingi hazina kemikali zinazotoa rangi. Atakayefanya vipimo hivi aanze kila mara na likeni anayoijua rangi yake.

24 Machi: Wembe, hadubini na harufu ya samaki

Nimekata vipande vyembamba kwa wembe mpya. Wembe mmoja unatosha kwa mikato mitano hivi, ukizidisha unachana badala ya kukata. Nilitumia nyembe 6 kupata mikato miwili mizuri. Chini ya hadubini tabaka la chakula lilionekana wazi: seli za duara, moja moja, kijani cha majani. Ni mwani wa kijani.

Jambo hili lina uzito. Sticta nyingi haziishi na mwani wa kijani bali na Nostoc, sianobakteria zenye rangi ya buluu-kijani zilizopangana kama shanga kwenye uzi. Sticta za Nostoc huwa za kahawia au kijivu, na nyingi zikiloweshwa hutoa harufu ya samaki. Yetu ni ya kijani na haina harufu.

Isipokuwa sampuli namba 5. Nilipoilowesha, chumba kizima kilinuka samaki. Nikaipindua, nikaikata, seli zote za kijani. Nikaamua kwamba bahasha ilichafuka. Tena nikakumbuka kuwa namba 5 ilikuja na uchafu mwingi, vijiti vyeusi vyenye matawi madogo kama vichaka vya milimita chache, nami nilikuwa nimevikwangua vyote nikavitupa ili sampuli ipigwe picha ikiwa safi. Sikuunganisha mambo haya mawili. Nayaandika hapa kama yalivyotokea.

18 Aprili: Kupima unyevu, na kwa nini vipimo vya kwanza havifai

Swali letu la pili ni kwa nini mti huu na si mingine. Tulining'iniza virekodi viwili vya unyevu na joto, kimoja Mti wa Nne, kingine Mti wa Kumi na Tisa usio na likeni hii. Vyote viwili kwa kimo cha mita moja na nusu.

Baada ya wiki tatu, kimoja kilikuwa kimejaa maji ndani na kufa. Cha pili kilionyesha asilimia 100 kwa siku tano mfululizo, hata saa za mchana jua lilipokuwa likipenya. Umande ulikuwa umeganda juu ya kihisio chenyewe, kikawa kinapima tone lake badala ya hewa. Nimekifunika kwa kikombe kilichopinduliwa chenye matundu ubavuni, na nimeweka kifuko cha kunyonya unyevu penye betri. Tangu hapo kinasoma vizuri.

Lakini usomaji mzuri nao haukutoa jibu. Nilikihamisha kila wiki kutoka mti mmoja hadi mwingine, na hewa ya miti yote miwili hukaa juu ya asilimia 95 usiku kucha. Kwa hewa tu, miti hiyo ni ndugu.

Mzee anayetuongoza msituni alikuwa akinitazama nikihamisha kikombe. Akaniambia, "Mwanangu, hewa imejaa maji kila mahali hapa. Shika gome." Nilishika la Kumi na Tisa: baridi, limelowa juujuu. Nikashika la Nne. Vidole viliingia kwenye mfereji wa gome na maji yakanitiririkia hadi kiwiko, ilhali mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. "Huu," akasema, "mvua ikikatika unaendelea kunyeshewa na majani yake."

Basi tukabuni kipimo kisichohitaji betri. Vipande vya karatasi ya chujio, kila kimoja na mstari wa wino unaoyeyuka majini, vikabandikwa kwa pini sehemu 12 za shina la Mti wa Nne. Baada ya usiku mmoja wa ukungu, penye maji yanayotiririka wino ulifutika kabisa. Penye ukungu mtupu ulitanuka kidogo tu, na penye ukavu ulibaki kama ulivyochorwa.

Matokeo yalinikanganya. Likeni yetu ya kijani ipo pale wino ulipotanuka tu. Mferejini, penye maji mengi zaidi, haipo. Huko kuna "uchafu" ule mweusi.

Wakati huo nilikuwa nimesoma kazi ya Otto Lange na wenzake ya mwaka 1986. Walionyesha kwamba likeni zenye mwani wa kijani zikikauka huweza kuamka na kuanza kutengeneza chakula kwa unyevu wa hewa peke yake. Zenye sianobakteria hazifanyi hivyo, zinangoja maji yenyewe. Nilikuwa na vipande vyote mkononi, nikalala bila kuviunganisha.

10 Mei: Sikio la ukubwa wa punje

Nimekwenda peke yangu na mzee, bila haraka, kuangalia vichaka vyeusi vya mferejini kimoja kimoja. Viko zaidi ya mia. Kila kimoja kina shina fupi na matawi yanayogawanyika kama mizizi iliyopinduliwa, kimo cha sentimita moja au pungufu. Vikilowa vinanuka samaki.

Kwenye ukingo wa mfereji, pale maji yanapokoma na ukungu unapoanza, kulikuwa na kichaka kimoja kilichoegemea upande. Nikasogeza lenzi. Katikati ya matawi meusi, likitokea ndani ya tawi lenyewe, lilikuwapo sikio la kijani lenye ukubwa wa punje ya mchele. Halikubandikwa juu yake wala halikuwa jirani tu. Lilimea kutoka kwake, kama jani litokavyo kwenye kijiti. Nilisukuma kwa ncha ya sindano kidogo sana nikihofia kwamba nadanganywa na unyevu unaogundisha vitu. Kichaka kizima kilitikisika pamoja na sikio. Chini ya sikio, sifela mbili.

Nilimwita mzee aone. Alitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ni mtoto wake."

Nimechukua hicho kimoja tu. Jioni, chini ya hadubini: ndani ya tawi jeusi shanga za Nostoc, ndani ya sikio seli za duara za mwani wa kijani, na nyuzi za kuvu zinapita kutoka huku kwenda kule bila mpaka. Kuvu ni moja, imejenga nyumba mbili kwa wapangaji wawili. Likeni iliyoungana namna hii huitwa fotosimbiodemu, na ndani ya Sticta inajulikana: Sticta canariensis ina umbo lake la Nostoc ambalo zamani lilihesabiwa kuwa spishi nyingine, Sticta dufourii. Kwa kanuni za majina, jina la likeni ni jina la kuvu yake. Kwa hiyo maumbo mawili, kuvu moja, jina moja.

Harufu ya namba 5 haikuwa uchafu. Ilikuwa nusu ya pili ya likeni, na mimi ndiye niliyeikwangua kwa wembe nikaitupa. Nimepitia upya picha za sampuli zote za Machi. Vichaka vipo katika sampuli tatu, kwenye picha nilizopiga kabla ya kusafisha. Tangu leo hakuna sampuli inayosafishwa kabla haijatazamwa yote kwa lenzi, pamoja na gome lake na takataka zake.

17 Mei: Kuhesabu upya

Kama likeni ina maumbo mawili, hesabu yetu ya Februari ilitafuta nusu tu. Tumerudia miti yote 40, siku mbili, tukipekua mifereji ya magome hadi chini.

Umbo la kijani liko kwenye miti miwili. Wa pili ni Mti wa Ishirini na Sita, na tuliupita Februari kwa sababu liko nyuma, juu ya vichwa vyetu. Umbo jeusi liko kwenye miti saba, na yote saba ni mikubwa, yenye magome ya mifereji mirefu na matawi yanayoelekeza maji shinani. Miti yenye magome laini haina hata kimoja. Adimu bado ni adimu, lakini picha imebadilika: kuna miti mitano ambamo kuvu hii inaishi kwa umbo jeusi peke yake, huenda ikingoja mwani wake wa kijani au nafasi yenye mwanga unaoifaa. Hilo la kungoja ni dhana yangu, halijapimwa.

6 Juni: Vinasaba

Tumepeleka vipande sita, vitatu vya kijani na vitatu vyeusi, kusomwa sehemu ya vinasaba iitwayo ITS, ambayo mwaka 2012 ilipendekezwa kuwa alama ya kutambulishia kuvu kwa ujumla.

Matokeo ya kwanza yalikuwa pigo. Vipande vinne vilisomeka, na kimoja kati yake kikatoa kuvu isiyohusiana kabisa na Sticta. Kosa ni la namna tulivyochagua kipande. Juu ya likeni huishi kuvu nyingine ndogondogo, na kipimo hiki husoma kuvu yoyote inayotangulia kujitokeza. Nilikuwa nimekata penye madoa meusi madogo nikidhani ni umri. Tumerudia kwa vipande vya ncha changa, safi, vilivyochaguliwa chini ya lenzi, kila kimoja cha milimita mbili.

Safari hii: viwili vya kijani na viwili vyeusi vimesomeka vizuri, na kuvu ya vyote vinne inalingana herufi kwa herufi. Alichokiona mzee kwa macho kimethibitika.

Jina la spishi bado. Mfuatano wetu uko karibu na Sticta kadhaa lakini haulali juu ya hata moja. Sitaki kulazimisha. Mwaka 2015 Nicolas Magain na Emmanuël Sérusiaux walionyesha kuwa hata Sticta fuliginosa ya Ulaya Magharibi, likeni iliyotazamwa na wataalamu kwa vizazi, ilikuwa imeficha spishi kadhaa chini ya jina moja. Ikiwa huko iliwezekana, hapa nina sababu zote za kwenda polepole. Lebo inasomeka: Sticta sp. (yaani spishi bado haijajulikana), Mti wa Nne, maumbo mawili.

Gharama hadi leo: safari 14 za msituni, virekodi 2 (kimoja kimekufa), nyembe 31, sampuli 10 zikiwamo 4 zilizooza, usomaji 12 wa vinasaba ambao 4 kati yake ndio wenye faida. Karatasi za wino, ambazo hazikugharimu karibu chochote, zimetuonyesha mengi kuliko virekodi.

29 Juni: Tawi limeanguka

Upepo wa wiki iliyopita umeangusha tawi kubwa la mti ulio jirani na wa Nne. Jua la saa sita sasa linafika kwenye shina, upande wa kijani. Tayari masikio mawili ya juu yamepauka kingoni na yanakatika yakiguswa. Vichaka vyeusi ndani ya mfereji bado vizima, kwa kuwa gome linavitia kivuli.

Mzee alishauri tuliegeshe tawi lilelile lililoanguka, lisimamishwe kati ya jua na shina hadi matawi mapya yazibe. Tumelifunga kwa kamba, bila msumari wowote kwenye mti hai. Leo saa sita kivuli kimefika hadi kwenye sikio la tatu kutoka juu. Mawili ya juu kabisa bado yako juani, na tawi ni fupi. Kesho tunarudi na kamba ndefu zaidi.